Farasi katolewa viatu, sasa nini: miguu mitupu, buti, plasta ya gundi au chuma tena?

Ukishamvua farasi viatu vya chuma unabaki na njia nne hivi, na kila mwenye farasi ana yake anayoitetea kama timu ya mpira. Kuna wa kumwacha miguu mitupu moja kwa moja, kuna wa buti za kuvaa na kuvua, kuna wa plasta na viatu vya kubandika kwa gundi, alafu kuna wanaojaribu wiki mbili, wakiona anachechemea wanamrudishia chuma. Mi naona zote nne zina pahali pake, inategemea soli ya huyo farasi, ardhi anayokanyaga na kazi unayompa, ila ukinibana niseme ipi inawafaa wengi nitakwambia miguu mitupu malishoni na buti kazini. Kwanini, na lini hapana, ndo nataka tuongelee.

Kabla hujachagua, inua mguu uangalie

Watu wanarukia kuchagua wakati hata mguu hawajauinua wakauangalia vizuri. Ukuta wa ukwato unakua kama milimita 6 mpaka 10 kwa mwezi, kwahiyo kwa mbele unachukua karibu mwaka mzima kushuka kutoka kwenye nywele mpaka chini, visigino vinawahi zaidi maana ni vifupi. Yani ukwato unaouona leo ni ukwato uliojengeka juu ya chuma, na chuma kilikuwa kinapeleka uzito kwenye ukuta huku soli na ile pembetatu laini ya nyuma vimeinuliwa juu ya ardhi kwa unene wa kile kiatu, kwenye ardhi ngumu havigusi chochote, havina kazi. Sasa ghafla vinagusa. Farasi kutembea kwa kujihurumia siku za mwanzo siyo ajabu, cha kujua ni anajihurumia kiasi gani na kwenye ardhi gani.

Soli ndo inayoamua mambo mengi hapa. Ikiwa na milimita 15 kwenda juu farasi anatembea na maisha yanaendelea, ikishuka chini ya 10 utapata taabu hata kwenye ardhi ya kawaida. Kwa macho huoni unene wake, uhakika unatoka kwenye eksirei ya pembeni ambayo daktari wa mifugo anaipiga farasi akiwa amesimama, na kama farasi ana historia ya kuumwa miguu mi ningeipiga kabla hata ya kung'oa msumari wa kwanza. Ila kuna vipimo viwili vya bure. Bonyeza soli kwa vidole gumba vyote viwili, mbele kidogo ya ncha ya pembetatu, ikibonyea ujue ni nyembamba sana. Alafu angalia mifereji miwili inayopita kando ya pembetatu, laza tupa bapa juu ya ukwato, shusha kijiti pale karibu na ncha upime kina. Ikiwa sentimita moja na kitu uko vizuri, ikiwa mfereji unakaribia kuwa sawa na usawa wa ukuta basi hapo hamna soli ya maana na njia ya miguu mitupu peke yake usiifikirie kwanza.

Kingine ni matundu ya misumari. Kila kiatu kinashikwa na misumari 6 mpaka 8, na ile mistari ya matundu ndo ukuta unapomegukia wiki za mwanzo. Utaona kipande cha ukuta kimechomoka mpaka usawa wa tundu, kingo zimechakaa chakaa, ukwato unaonekana vibaya kabisa na majirani watakuuliza unamfanya nini huyo mnyama. Mara nyingi ni sura tu, ukuta unameguka mpaka tundu la msumari na kuishia hapo, na fundi wa kwato akiviringisha ukingo kwa tupa kila wiki kadhaa unapungua. Ufa unaopanda juu kuelekea kwenye nywele, au mmeguko ulioingia ndani kupita ule mstari mweupe unaotenganisha ukuta na soli, hiyo siyo sura, mwite fundi.

Siku yenyewe ya kuvua

Hapa ndo njia zote nne zinaanzia na ndo panapoharibika. Fundi mzoefu wa chuma anapoandaa mguu kwa ajili ya kiatu huwa anachonga soli iwe safi na bapa, anapunguza pembetatu, anashusha ukuta, na ukimwangalia akimaliza soli inang'aa nyeupe kama imepigwa brashi, nzuri kweli kweli. Kwa farasi atakayevaa kiatu sawa. Kwa farasi atakayetembea na huo mguu wenyewe umemnyang'anya kitu alichokuwa akanyagie. Mwambie mapema kabla hajashika kisu: soli usiguse, pembetatu usiguse labda vipande vinavyoning'inia, misumari ikunjuliwe vizuri na itoke taratibu bila kung'oa ukuta, ukuta uachwe na urefu kidogo, na ukingo uviringishwe ili usipate pa kumegukia. Hiyo kwa siku ya kwanza inatosha kabisa. Na ili huo urefu uwepo, vua wakati mzunguko wa viatu (zile wiki 6 mpaka 8 kati ya kupigiliwa na kupigiliwa tena) umefika mwisho, ukuta umeshakua, siyo wiki moja baada ya kuchongwa.

Miguu minne kwa pamoja au ya nyuma kwanza? Miguu ya mbele inabeba kama asilimia 60 ya uzito wa farasi, ndo maana ya nyuma inazoea haraka zaidi. Kwa farasi anayeendelea na kazi napenda kuvua ya nyuma kwanza, mbele abaki na chuma mzunguko mmoja au miwili, alafu mbele nayo. Kwa anayeenda kupumzika malishoni miezi kadhaa vua zote, hamna sababu ya kuvuta. Na msimu uuangalie: ardhi iliyokauka ikawa jiwe inamegua na kuchubua, tope la wiki nzima linalainisha soli mpaka kila kokoto inauma, ukipata kipindi cha ardhi yenye unyevu kidogo na kazi chache hicho ndo chenyewe.

Miguu mitupu moja kwa moja

Faida yake kubwa ni kwamba unauona mguu muda wote. Hamna kinachochubua, hamna kinachofungia maji, mguu unatanuka na kurudi kila hatua kama ulivyoumbwa, na kila badiliko unaliona siku hiyo hiyo. Gharama ya vifaa ni karibu na hamna, ila unalipa kwa muda, na watu wengi hawasemi hivyo, wanakwambia tu ni bure.

Inachotaka ni mwendo. Farasi anayefungiwa bandani kutwa na kutolewa saa moja hatajenga mguu hata ukimwombea, damu na ukuaji vinafuata mwendo. Na mguu unazoea kile unachokanyaga, akiishi kwenye nyasi laini tupu atakuwa mzima kwenye nyasi laini, ukimpeleka kwenye kokoto atatembea kama anakanyaga miba. Suluhisho ambalo limedumu ni kumwaga changarawe ya mviringo, ile ndogo ya milimita 6 mpaka 10 hivi, kina cha kama sentimita 10, kwenye eneo analolazimika kusimama kila siku, mfano kuzunguka maji ya kunywa. Inaingia kwenye mashimo ya mguu, inabeba soli na pembetatu bila kuchoma sehemu moja. Siyo ujanja mpya, Wagiriki wa kale walishashauri uwanja wa mbele ya banda umwagiwe mawe ya mviringo farasi akanyage wakati anasuguliwa. Usije ukamwaga kokoto za kupasuliwa zenye makali ukasema ni kitu hicho hicho.

Mazoezi ya kumwongoza kwa kamba yaanzie kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, na hapa watu wanashangaa, lami tambarare ni rafiki kuliko barabara ya vumbi yenye mawe, sababu inagusa mguu wote sawasawa. Dakika 10 au 15 za mwendo wa kawaida, siku inayofuata uangalie kaamkaje, ndo uongeze.

Sasa jinsi ya kujua inaenda vizuri. Mwambie mtu amtembeze, wewe chuchumaa pembeni, rekodi kwa simu kwenye mwendo wa taratibu, alafu angalia mguu unatuaje. Ukitanguliza kisigino, au ukitua bapa, safi. Ukitanguliza ncha ya mbele kila hatua maana yake nyuma ya mguu kunauma au ni dhaifu na anakwepa kukanyagia huko. Angalia na tabia: farasi mwenye soli inayouma anatafuta ukingo wenye nyasi bila kuambiwa, hatua zinafupika, anakata kona kwa mguu mgumu. Akifanya hivyo kwenye kokoto tu, ni suala la kuzoea. Akifanya kwenye ardhi tambarare au kwenye mchanga, huko siyo kuzoea, anaumwa. Wale wa "mwache avumilie, atakomaa" sikubaliani nao hata kidogo, farasi anayeumwa anatembea vibaya, na anayetembea vibaya hajengi mguu mzuri, anajenga misuli ya kukwepa maumivu.

Njia hii inamfaa nani? Farasi mwenye soli nene, malisho makubwa, kazi nyepesi au hana kazi miezi michache ijayo. Wiki kadhaa atakuwa sawa malishoni, ila kutembea kwenye mawe bila kufikiria subiri ukwato mpya ushuke, yani kuelekea mwaka.

Buti za kuvaa na kuvua

Hizi ndo nazipenda na ndo zinazolalamikiwa sana, na malalamiko mengi ni ya kipimo. Pima mguu siku chache tu baada ya kuchongwa, kwa milimita, upana pale palipo papana zaidi na urefu kutoka ncha ya mbele mpaka mwisho wa kisigino kinapobeba uzito, siyo mpaka kwenye nundu laini za nyuma. Pima kila mguu maana wa kushoto na wa kulia mara nyingi haulingani. Fuata jedwali la aina hiyo hiyo ya buti, namba ya kampuni moja haina undugu na ya kampuni nyingine. Ukishamvalisha shika buti kwa mikono miwili ujaribu kulizungusha, likizunguka kwa mkono litazunguka zaidi kwenye kona ya mbio. Alafu mtembeze duara pande zote.

Kuna buti fupi zinazoishia chini ya mstari wa nywele, kuna zenye shingo laini inayofungwa kwa velkro juu ya kisigino, na kuna zile nene za matibabu za kuvaa malishoni au wakati wa kusafirishwa. Fupi hazichubui sana lakini zinadai kipimo kamili na ukwato uliochongwa kwa wakati. Zenye shingo zinasamehe kipimo kidogo, ila mchanga ukiingia kati ya shingo na ngozi unasugua. Baada ya kila safari vua, pitisha kidole nyuma ya kisigino na kuzunguka chini ya kifundo, unatafuta nywele zilizolala ovyo au zilizokatika, kwa sababu nywele zinaharibika kabla ya ngozi. Ukiona hivyo siku hiyo ndo ya kurekebisha, soksi nyembamba au bendeji laini inasaidia, ukisubiri kidonda utakaa wiki mbili huvalishi kitu.

Ndani unaweza kuweka pedi ya povu gumu, na kwa farasi wa soli nyembamba hiyo pedi ndo dawa yenyewe, nimeona farasi aliyekuwa anatembea kama mzee kwenye changarawe akavalishwa buti zenye pedi akanyoosha hatua palepale. Pedi zinalaliwa na kuchakaa, zibadilishwe. Miguu ya mbele peke yake inatosha kwa farasi wengi.

Kasoro zake ni za kweli lakini. Kwenye tope zito buti linaweza kuvutwa au kuzunguka, kwenye nyasi zilizolowa linateleza, ukipiga shoti kali au kuruka vizuizi unahitaji aina inayoshika sana na bado uwe unaangalia chini. Huwezi kumwacha nazo usiku na mchana bila kuvua, jasho na unyevu unaoza mguu. Na kitu ambacho wauzaji hawakitaji mapema: mguu uliotoka kwenye chuma unabadilika umbo, visigino vinatanuka, kwahiyo buti lililokaa kama lilishonwa mwezi wa kwanza baada ya kuvua chuma linaweza lisiingie ukifika wa tano. Kama kuna mtu wa kukuazima au kukuuzia zilizotumika kwa miezi ya mwanzo, chukua, mpya utanunua umbo likitulia. Na uchongaji uwe kila wiki 4 mpaka 6, ukivuta mpaka 8 utakuwa unapigana na buti kila asubuhi.

Plasta na viatu vya gundi

Plasta ni ile ile ya faiba anayofungwa mtu akivunjika mkono. Mguu unasafishwa, unakaushwa, unasuguliwa kwa tupa, plasta inalowekwa na kuzungushwa kwenye ukuta na ukingo wa soli, inakuwa ngumu ndani ya dakika chache. Isipande kwenye nywele na isibane nundu za kisigino, hilo halina mjadala. Inakaa wiki 2 mpaka 3, inaanza kulika kwenye ncha ya mbele, unaitoa. Viatu vya plastiki vya kubandika vinakaa zaidi, kama wiki 4 mpaka 6, ila gundi ina wivu, mguu ukiwa na unyevu au mafuta kidogo tu haishiki, na hewa ya baridi inachelewesha kukauka huku farasi anataka kuushusha mguu.

Ukilinganisha na buti, hapa farasi analindwa saa zote bila wewe kuvalisha na kuvua, na hamna cha kuzunguka wala kuchubua shingo ya mguu. Ukilinganisha na chuma, hamna misumari, na hiyo ndo sababu kubwa ya kuitumia: farasi ambaye ukuta umemeguka mpaka hamna pa kupigilia, huyu plasta inamvusha mpaka ukuta mpya ushuke. Vilevile mwenye soli nyembamba anayeumwa hata akiwa amesimama tu malishoni.

Ubaya wake huoni ndani. Kama kuna harufu, kuna uozo, au unashuku jipu linatunga, usifunge kitu, utakuwa umelifungia joto na unyevu likue. Mafundi wengine wanachanganya mrututu kwenye ile nta ya kujaza chini ya soli kuzuia uozo, inasaidia, ila haiponyi uozo ulioshaanza. Kwa gharama na utaalamu hii ndo njia nzito kuliko zote nne, na kujifunza kwenye video ukajaribu mwenyewe mi siwezi kukushauri. Nainunua kama daraja la mizunguko miwili mitatu, siyo makazi.

Kurudisha chuma

Kuna watu wanaona aibu kurudi kwenye chuma kana kwamba wamefeli mtihani. Hamna aibu. Farasi anayefanya kazi ndefu kila siku kwenye mawe makali anaweza kulika ukuta haraka kuliko unavyokua, na hapo hesabu haidanganyi. Anayeshindana kwenye nyasi zinazoteleza anahitaji kiatu chenye tundu za kufungia vyuma vya kushikilia ardhi. Mwenye ufa mkubwa, aliyevunjika mfupa wa ndani ya ukwato, au ambaye daktari na fundi wameshapanga kiatu cha matibabu, huyo usimvue kwa sababu umesikia mahali kwamba miguu mitupu ni asili.

Kama unarudisha, subiri matundu ya zamani yashuke na ukuta upate afya, ukipigilia kwenye ukuta uliochakaa kiatu kitatoka na kipande. Mzunguko ni wiki 6 mpaka 8. Na kuna njia ya kati ambayo haitajwi sana, chuma wakati wa msimu wa kazi, miguu mitupu wakati wa mapumziko, mguu unapata miezi ya kutanuka kila mwaka.

Tukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa muda wako wa kila siku, chuma na plasta ndo rahisi, miguu mitupu inadai macho na mazoezi, buti zinadai mikono kila unapotoka na kila unaporudi. Kwa kuona tatizo mapema, miguu mitupu inaongoza, buti zinafuata kwa sababu zinavuliwa, chuma kinaficha kiasi, plasta inaficha kabisa. Kwa mawe makali, buti zenye pedi ndo zinalinda soli kuliko chuma cha kawaida maana chuma kinaacha soli wazi katikati na jiwe linaingia palepale. Kwa tope na mbio kali chuma kinashinda buti. Kwa farasi mwenye ukuta uliomeguka vibaya, plasta au buti, chuma baadaye. Kwa mfuko, miguu mitupu ndo nafuu, buti zinauma siku ya kununua alafu zinatulia, chuma kinatoza kila mzunguko, na gundi inatoza zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Ambacho hakibadiliki hata uchague ipi

Chakula. Nimeona watu wanabadilisha buti aina tatu kumbe tatizo liko kwenye nyasi. Farasi mnene, shingo imeweka mafuta magumu juu, anaumwa miguu yote ya mbele bila jeraha lolote, huyo mfikirie sukari kwanza. Sukari na wanga nyingi kwa farasi wa namna hii zinachokoza laminaitisi, yani tabaka zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato zinavimba na kudhoofika, na inaweza kuwa ndogo ndogo tu, haimwangushi, inamfanya awe "na miguu dhaifu" mwaka mzima. Kwa hao nyasi kavu ziwe na sukari na wanga chini ya asilimia 10, kama huwezi kupima loweka kwenye maji ya baridi dakika 30 mpaka 60 alafu umwage yale maji, na malisho mabichi yanakuwa na sukari nyingi zaidi mchana kuelekea jioni, na asubuhi yenye jua baada ya usiku wa baridi kali. Mistari ya duara kwenye ukuta iliyo mipana kwa kisigino kuliko kwa mbele ni historia ya hayo mambo, isome.

Biotini, aina ya vitamini, miligramu 20 kwa siku inasaidia farasi wengi wenye ukuta dhaifu, pamoja na shaba na zinki za kutosha, ila inajenga ukwato mpya tu, hairekebishi wa zamani, kwahiyo nusu mwaka hivi ndo uanze kuuliza. Mafuta ya kupaka ukutani yanang'arisha, basi. Dawa za kukausha zenye fomalini ni kali, soli inakuwa ngumu lakini inakatika katika, na zikigusa ngozi au pembetatu iliyochubuka zinaunguza, mi naziweka mbali.

Uozo wa pembetatu, ule weusi wenye harufu usioweza kuukosea, chokoa mifereji kila siku, osha, kausha, pamba yenye ayodini iliyopunguzwa nguvu isukumwe mpaka ndani ya ufa wa katikati, na mahali anaposimama pawe pakavu maana bila hapo unapaka dawa kwenye tope. Pembetatu inayouma ndo inamfanya farasi atue kwa ncha, na wengi wanadhani ni soli.

Na kila siku, kwa farasi wa njia yoyote, weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pembeni, utafute mapigo ya damu. Kwa farasi mzima yanasikika kwa taabu. Yakiwa yanagonga kwenye mguu mmoja, ukwato una moto na ghafla hawezi kuukanyaga, mara nyingi ni jipu, linakuja sana miezi ya mwanzo baada ya kuvua, mwite daktari au fundi alifungue, alafu nepi ya mtoto na tepu ngumu kwa juu ndo bendeji bora kuliko nyingi za dukani. Yakigonga kwenye miguu miwili ya mbele na farasi anaegemea nyuma hataki kusogea, hiyo ni dharura, acha mazoezi yote, msimamishe kwenye mchanga au matandiko mazito, mpigie daktari saa hiyo hiyo, habari za buti au plasta mtaongea baadaye.

Kama bado hujui uanzie wapi: soli nene na malisho, anza mitupu, uwe na buti za mbele tayari kwa siku ya kutoka. Soli nyembamba lakini mguu mkavu na safi, buti zenye pedi kazini, na malishoni plasta mizunguko miwili. Soli nyembamba na mguu unanuka, tibu uozo kwanza, hata kama itabidi chuma kibaki mzunguko mmoja zaidi. Farasi mnene, rekebisha chakula miezi kadhaa kabla ya kumwita fundi aje kuvua. Na ukichagua chochote piga picha ya kila mguu kwa pembeni na kwa chini siku ile ya kwanza, uirudie kila baada ya kuchongwa, kwa sababu mabadiliko ya milimita chache kwa mwezi huwezi kuyakumbuka kwa kichwa na fundi wako naye ana farasi wengine.